MATAYARISHO KWANZA, MTIHANI BAADAYE

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Leo hatukuja kuzungumza habari za viti wala za kura. Twataka kuzungumza habari za mtoto aendaye skuli asubuhi, mkoba begani, naye hajui kwamba mizani atakayopimiwa inabadilishwa. Elimu ni jambo lisilongoja uchaguzi. Mtoto aliyepotezewa mwaka wake wa darasa la tatu hawezi kurudishiwa mwaka huo na Serikali yoyote, iwe hii iliyopo au ile tunayoitarajia sisi.

Neno letu ni moja, nalo twalisema mapema ili lisipotee katikati ya maneno mengi. Mwenye kuleta kipimo kipya cha elimu anawajibika kwanza kuileta elimu yenyewe: mwalimu aliyefundishwa, kitabu, chumba, na lugha ambayo mtoto aifahamu. Akileta kipimo peke yake, huyo hakuinua elimu. Amewatafuta watoto wa maskini awahesabu walioanguka.

Habari yenyewe ni hii. Januari 2024 skuli za Bara zilianza kutumia mitaala mipya, iliyotokana na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Kwa sera hiyo elimu ya msingi yapunguzwa kutoka miaka saba hadi sita. Elimu ya lazima yafanywa miaka kumi, yaani sita ya msingi na minne ya sekondari. Sekondari yenyewe yagawanywa mikondo miwili, mmoja wa masomo ya jumla na mmoja wa amali, yaani ufundi na kazi za mikono. Mwalimu atakiwa ampime mtoto kwa yale awezayo kuyatenda, na asitosheke na yale aliyoyakariri. Waliotangulia kuanza ni watoto wa elimu ya awali, wa darasa la kwanza na la tatu, pamoja na wa kidato cha kwanza katika mkondo wa amali.

Huenda mwanachama akauliza: hayo yatuhusu nini sisi wa Visiwani? Elimu ya msingi na ya sekondari si mambo ya Muungano. Tunayo Wizara yetu ya Elimu, tunayo Taasisi yetu ya Elimu, na sera yetu wenyewe. Swali hilo ni la haki, na jawabu lake limo ndani ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977. Fungueni orodha ya mambo ya Muungano mwishoni mwa Katiba hiyo. Mtalikuta humo Baraza la Mitihani la Taifa na mambo yote yanayoshughulikiwa na kazi za Baraza hilo. Maana yake ni kwamba kufundisha ni kazi ya kila upande, lakini kupima katika kidato cha nne na cha sita ni jambo la wote. Mtoto wetu hulelewa na kufundishwa hapa, kisha hupimwa kwa pishi ambalo halikutengenezwa hapa peke yake.

Ndiyo sababu twawaomba muitazame ramani pamoja nasi. Morotonga ni kata ya Wilaya ya Serengeti, katika Mkoa wa Mara, upande wa Mugumu. Watu wake ni wakulima na wafugaji, na wilaya yao yapakana na ile Hifadhi ya Taifa ambayo wageni hutoka mbali kuja kuitazama. Micheweni iko kaskazini ya Pemba, na watu wake ni wa bahari, wa mwani na wa mashamba. Watu wa sehemu hizi mbili huenda wasikutane maisha yao yote. Lakini kijana wa Morotonga na kijana wa Micheweni, wakifika kidato cha nne, hukaa siku moja na saa moja mbele ya karatasi moja. Kila kosa linalofanywa katika kuitayarisha karatasi hiyo huwapata wote wawili. Kwa hiyo anayemtetea mmoja amemtetea na mwenziwe, na sisi hatuoni haya kuzungumza habari za Morotonga katika mkutano wa Visiwani.

Mabwana na mabibi, kubadilishwa kwa mizani hakukuanza jana. Wapo wazee kati yetu wanaoukumbuka mtihani wa Cambridge, ambao maswali yake yalitoka Uingereza na majibu yake yakarudi huko huko kusahihishwa. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ikajitoa katika Baraza hilo mwaka 1971, na kwa Sheria Namba 21 ya 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Kujitoa huko kulikuwa jambo la heshima, kwani nchi huru yapaswa iwaulize watoto wake maswali yake yenyewe. Hata hivyo kuhamisha maswali kutoka nje hadi Dar es Salaam hakukuongeza hata kitabu kimoja katika skuli ya shamba. Kazi hiyo ilibaki pale pale ikingoja mtu wa kuifanya.

Mkoa wa Mara wenyewe unayo historia kubwa katika jambo hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama kilichokuwa kikitawala Bara kabla ya kuungana na ASP mwaka 1977, ilikutana mjini Musoma na kutoa lile Azimio la Musoma. Iliamuliwa kwamba kila mtoto wa umri wa skuli aandikishwe ifikapo Novemba 1977. Iliamuliwa pia kwamba mtihani wa mwisho usiwe mwamuzi wa peke yake, bali kazi na mwenendo wa mwanafunzi navyo vihesabiwe. Tangu 1976 maendeleo ya darasani yakaanza kuingizwa katika alama za wanafunzi wa sekondari. Hayo wanayotuletea leo kuwa ni mapya, ya kumpima mtoto kwa matendo yake ya kila siku, yalikwisha kutamkwa miaka hamsini iliyopita kando ya ziwa Victoria.

Fikra ya Musoma ilikuwa njema, na sisi tukiwa wapinzani hatutakosa kuisifu fikra njema kwa sababu ya jina la mwenye kuisema. Lakini matayarisho yake yalikuwaje? Waalimu hawakutosha, ikabidi wachukuliwe vijana waliomaliza darasa la saba, wafundishwe ualimu vijijini mwao huku wakifundisha. Wengi wa vijana hao walifanya kazi kwa moyo safi na hatuwalaumu. Twalaumu hesabu iliyofanywa juu yao. Madarasa yalijaa, idadi ikapanda hata karibu watoto wote wakaandikishwa, na waliotoa taarifa wakapongezwa. Mlango wa sekondari ukabaki mwembamba kama tundu la sindano. Mtoto alihesabiwa alipoingia, na hakuna aliyeulizwa ametoka na nini.

Tuje karibu zaidi. Mwaka 2005 mtaala wa sekondari wa Bara ulibadilishwa ili ufuate umahiri, neno lile lile linalotumika leo. Karatasi zikageuka, lakini waalimu wengi waliachwa na ubao ule ule, chaki ile ile na wanafunzi wengi kuliko nafasi. Mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumtazama kila mmoja akitenda. Atawaandikia ubaoni wanakili, kwani ndilo awezalo kulifanya kabla kengele haijalia.

Kisha likaja lile la mtihani wa kidato cha nne wa 2012. Matokeo yalitangazwa Februari 2013, na watahiniwa wapatao sita katika kila kumi wakapata sifuri: vijana zaidi ya 240,000. Nchi ikatikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Mizengo Pinda, akaunda tume, na mwezi wa Mei Serikali ikaeleza Bungeni kwamba matokeo yafutwe yapangwe upya, kwa kuwa Baraza lilikuwa limetumia utaratibu mpya wa kupanga alama. Yakapangwa upya. Maelfu ya vijana wakawa wamefaulu bila ya kuandika herufi moja zaidi ya zile walizoandika Oktoba, na maelfu mengi zaidi wakabaki katika sifuri ile ile.

Zingatieni jambo hilo, ndugu wanachama. Ikiwa kijana aweza kufeli mwezi wa Februari na kufaulu mwezi wa Mei kwa karatasi ile ile, basi kilichopimwa ni nini? Muuza mchele sokoni akikutwa amebadilisha kibaba bila ya kuwaambia wateja, atafikishwa kwa hakimu. Anayebadilisha kibaba cha elimu naye awaambie wenye watoto mapema, na awaeleze kwa lugha wanayoifahamu.

Na hapa twafika kwenye jambo la lugha, ambalo ndilo zito kuliko yote. Mtoto wa Wilaya ya Serengeti, akizaliwa katika nyumba ya Wakurya, Wangoreme au Waikoma, hujifunza lugha ya mama yake kwanza. Skuli humpa Kiswahili. Akiingia kidato cha kwanza katika skuli ya Serikali, hukuta hesabu, jiografia na fizikia zote zimegeuka Kiingereza. Mtoto wetu wa Visiwani huzaliwa ndani ya Kiswahili, kwa hivyo avuka mto mmoja. Mwenziwe wa Morotonga avuka mito miwili. Mtihani hauulizi nani alivuka mingapi. Sera ya 2014, kama ilivyozinduliwa 2015, iliahidi Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote. Toleo la 2023 lilirudi nyuma, na sekondari ikaachwa katika Kiingereza.

Nasi tusijione kwamba tumesalimika. Sera yetu ya 2006 iliagiza hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Watoto wa miaka kumi na moja waliambiwa wafahamu mmeng'enyo wa chakula kwa lugha ambayo baadhi ya waalimu wao walikuwa bado wakiitafuta. Tena uko ushahidi, nao ulipatikana hapa hapa Visiwani. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Bristol cha Uingereza, wakishirikiana na wenzao wa Zanzibar, waliyachunguza majibu ya wanafunzi wetu katika mitihani. Waliona kwamba wengi walioacha swali tupu, au walioandika jibu lisilokuwepo, waliweza kujibu walipoulizwa jambo lile lile kwa maneno mepesi au kwa Kiswahili. Walikuwa na elimu, ila mlango wa kuitolea ulikuwa umefungwa. Basi tuliwaita wajinga watoto waliokuwa wakijua!

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwani hesabu haina chama. Watoto walioingia darasa la tatu huko Bara Januari 2024 wamo katika mtaala mpya, na kwa mpango huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027. Wenzao walioingia darasa la nne mwaka huo huo wa 2024 walibaki katika mtaala wa zamani, nao watamaliza darasa la saba mwaka huo huo wa 2027. Makundi mawili yatagonga mlango mmoja wa kidato cha kwanza Januari 2028. Kiwango cha Serikali yenyewe ni wanafunzi arubaini kwa chumba cha sekondari. Skuli iliyozoea kupokea watoto 120 kila mwaka yataka vyumba vitatu vya kidato cha kwanza. Ikiletewa makundi mawili yaliyo sawa, itataka vyumba sita, na waalimu wa vyumba sita, na vitabu, na vyoo kwa kiwango kile kile cha Serikali: tundu moja kwa wasichana ishirini na moja kwa wavulana ishirini na watano. Kundi hilo litafuatana hivyo hivyo hadi kidato cha nne, na huko ndiko litakakokutana na watoto wetu mbele ya karatasi moja. Bara wasemavyo, ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Wafugaji wa Mara walijua hayo kabla ya Wizara.

Tena yako mambo ambayo mtaala hauyataji, nayo ndiyo humtoa mtoto skuli. Katika Tarime na Serengeti msimu wa ukeketaji huja mwezi wa Disemba, hasa katika miaka inayogawanyika kwa mbili, ijapokuwa sheria ya 1998 imekataza kumfanyia hivyo msichana aliye chini ya miaka 18. Wapo wasichana wanaokimbia makwao mwezi huo ili wasikatwe. Akirudi, au asiporudi, daftari lake huwa tupu, na mpimaji wa umahiri huandika kwamba hakuonekana. Sisi tusiwanyoshee kidole watu wa huko, maana nasi tunao wasichana walioozwa kabla ya kumaliza, na wavulana walioiacha skuli kwa ajili ya dago na biashara. Asemaye kwamba ameandaa skuli awe ameyaandaa na haya.

Tumesema mengi ya kulaumu, basi na tuseme haki. Miaka kumi ya lazima ni jambo jema. Mkondo wa amali ni jambo jema, kwani nchi yataka seremala, fundi wa umeme na mvuvi mwenye maarifa, na kijana asione ufundi ni adhabu ya aliyefeli. Kumpima mtoto kwa matendo ni bora kuliko kumpima kwa kukariri. Hapa kwetu nako skuli za ghorofa zimejengwa katika miaka ya karibuni, na mwenye macho hawezi kuzikana. Chama chetu hakikuundwa kupinga kila kijengwacho. Kazi yetu ni kuingia ndani ya jengo hilo na kuuliza: yuko wapi mwalimu wa sayansi, na watoto wangapi wanashirikiana kitabu kimoja?

Kwa hivyo twataka mambo manne, na twawaomba wawakilishi wetu wayachukue kwenye Baraza la Wawakilishi na Bungeni.

La kwanza, Baraza la Mitihani la Taifa, kwa kuwa ni la Muungano, lisibadilishe namna ya kupima wala ya kupanga alama kabla ya kushauriana na Zanzibar kwa ukamilifu. Tena mifano ya maswali mapya na maelezo ya alama vifike katika kila skuli angalau miaka miwili kabla ya mtihani wenyewe.

La pili, mwalimu afundishwe kabla ya mwanafunzi kupimwa. Semina ya siku tatu mjini, pamoja na posho na picha, si mafunzo. Mwalimu afuatwe skulini kwake, aonyeshwe kazi na mwenziwe aliyemtangulia, na arudiwe tena mwaka wa pili.

La tatu, maswali yajaribiwe kwanza kwa watoto wa shamba, wa Unguja, wa Pemba na wa mahali kama Morotonga, ili ionekane kama swali lapima elimu au lapima Kiingereza. Na madai yetu juu ya Kiswahili katika sekondari yabaki palepale.

La nne, Serikali zote mbili zitoe hesabu wazi, wilaya kwa wilaya: vyumba vilivyopo na vitakavyohitajika, waalimu waliopo na wanaopungua, na vitabu vilivyofika. Mwenye kazi safi haogopi daftari lake kusomwa.

Lakini mwanachama asikae akingoja Baraza. Kila skuli inayo kamati yake, na mzazi anayo haki ya kuiuliza. Twawaomba kila tawi lichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, waende katika skuli zilizo karibu kwa adabu na kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Waulize maswali matatu. Darasa lenye watoto wengi kuliko yote lina wangapi? Mwalimu yupi amefundishwa mtaala mpya, na kwa siku ngapi? Kitabu kimoja chasomwa na watoto wangapi? Majibu yaandikwe daftarini, pamoja na tarehe, yaletwe tawini. Msiongeze wala msipunguze. Neno tutakalolisema hadharani liwe limeandikwa kwanza katika daftari hilo, maana chama kikikutwa na uongo katika jambo moja, hakitasadikiwa katika kumi ya kweli.

Tena msimtishe mwalimu. Mwalimu ni mwenzetu katika taabu hii, na mara nyingi ndiye wa kwanza kujua kwamba matayarisho hayakutosha, ila hana pa kulisemea. Mkimwendea kwa heshima atawaambia. Mkimwendea kwa kelele za siasa atafunga mlango, naye atakuwa na haki.

Na nyumbani, mzazi asiyejua Kiingereza asidhani kwamba hana la kufanya. Amwambie mtoto amweleze kwa Kiswahili aliyosoma siku ile. Mtoto awezaye kumweleza mama yake namna mvua inavyopatikana amekwisha kufahamu. Aliyenakili ubao peke yake atanyamaza, na kunyamaza kwake kutakuonyesha pa kuanzia. Hicho nacho ni kipimo, nacho hakina gharama, na chaweza kutumika Micheweni, Makunduchi na Morotonga usiku wa leo.

Ndugu Mwenyekiti, tukutane tena hapa baada ya miezi mitatu, madaftari yakiwa yamejaa. Siku hiyo hatutasoma hotuba. Tutasoma hesabu, skuli kwa skuli, na nakala tutawapelekea wawakilishi wetu, Wizara, na wenzetu wa Bara ambao watoto wao wanakaa katika mtihani mmoja na wetu.